Leseni ya siku tatu: Nani auze pombe kwenye matamasha ya Dodoma?

Ikifika saa 11 jioni wakati wa maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni hubadilika sura. Wanafunzi waliokuja kutazama ng'ombe wa maonyesho na vipando vya alizeti wanapanda mabasi kurudi makwao, mabwana shamba wanafunga mabanda, na upande wa pili majiko ya nyama choma yanaanza kukolea. Chini ya maturubai yenye nembo za kampuni za bia kuna majokofu yanayonguruma kwa umeme wa jenereta, kreti zilizopangwa hadi kimo cha mtu, na meza za plastiki ambazo mhudumu anazifuta kila mara, kwa sababu upepo wa Agosti hapa Dodoma humwaga vumbi bila kuchoka. Spika zinapandishwa sauti. Mahali palipokuwa darasa la kilimo tangu asubuhi panageuka kuwa baa ya wazi.

Baa hiyo haina ukuta, haina mlango na umri wake ni wa siku chache. Maonyesho yakifungwa, maturubai yanakunjwa, kreti zinapakiwa kwenye lori, na kinachobaki ni majivu, mifupa na chupa za maji. Mimi sina ugomvi na watu kuburudika baada ya mavuno. Uwanda huu umeijua furaha hiyo kabla ya bia ya kiwandani kuja. Ninachotaka tukijadili ni ruhusa yenyewe: kibali cha kuuza kileo kwa siku tatu au nane kinatoka kwa nani, kwa masharti gani, na je, jirani anayelala hatua 50 kutoka kwenye spika, au mama anayepika pombe ya ujimbi Chamwino, ana sauti yoyote ndani yake?

Naamini jambo hili limeachwa lijiendee kwa muda mrefu mno. Tunakihesabu kibali cha muda kuwa risiti: mwandaaji amelipa, basi auze. Kibali cha namna hii ni makubaliano kati ya mtaa na mgeni wake, na makubaliano hayafungwi gizani.

Mji umekua, sherehe zimefuata

Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, huu ulikuwa mji mdogo wa reli. Kwa zaidi ya miaka 40 uhamisho ulikwenda kwa kusuasua, hadi Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia kweli. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikavunjwa Mei 2017. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 410,956 katika eneo ambalo leo ni jiji. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179.

Watu hao hawakuja na mafaili peke yake. Walikuja na wikiendi zao, timu zao, harusi zao na hamu ya kutoka jioni. Dodoma Jiji inacheza Uwanja wa Jamhuri, mbio za marathoni zinafunga barabara za katikati ya mji, bustani ya Chinangali inapokea matamasha ya muziki, na vipindi vya Bunge hujaza wageni kila nyumba ya kulala. Huko mitaani, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu, bonanza la Jumapili limekuwa kawaida: kunachezwa mpira asubuhi, kunavutwa kamba mchana, na jioni turubai linafungwa katikati ya barabara ya mtaa, watu wakala nyama na kunywa mpaka usiku.

Mashariki mwa jiji, katika kijiji cha Chamwino Ikulu, kuna tamasha la aina nyingine. Tamasha la Muziki wa Cigogo lilianzishwa mwaka 2009 kupitia Kituo cha Sanaa Chamwino chini ya Dk. Kedmon Mapana, na hukusanya vikundi vya ngoma kutoka vijiji vya Ugogo. Wanawake wanapiga ngoma za muheme zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, wazee wanapiga marimba na zeze, watoto wanaiga hatua za nindo pembeni. Ni sherehe ya msimu ule ule wa kiangazi, mtama ukiwa ghalani.

Nimezitaja sherehe hizi pamoja kwa sababu zote, kubwa na ndogo, zikitaka kuuza kileo zinaangukia chini ya sheria moja. Na sheria hiyo iliandikwa kwa kuangalia mji mwingine kabisa.

Sheria inalijua turubai, ila haijalizoea

Msingi wa biashara ya pombe Tanzania Bara ni Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, iliyotungwa miaka mitano kabla ya uamuzi wa kuhamia Dodoma. Sheria hiyo imepanga leseni kwa aina: ya rejareja, ya jumla, ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya pombe za kienyeji. Leseni ya muda nayo imo. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba tamasha ni eneo lisilo na sheria. Anayeuza bia kwenye turubai bila ruhusa ana kosa sawa na anayefungua baa sebuleni kwake.

Tatizo liko kwenye safari ya kuipata ruhusa hiyo. Mwombaji wa leseni ya vileo huanzia mtaani kwake, kwa mtendaji, kisha kata. Afisa afya anakagua jengo: vyoo, sakafu, maji, mahali pa kuoshea vyombo. Polisi nao wanatoa maoni yao kuhusu usalama wa eneo. Baada ya hapo faili linasubiri kikao cha mamlaka ya leseni za vileo. Kwa miaka mingi leseni zimehesabiwa kwa vipindi vya miezi sita, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi, na vikao vimepangwa kufuata mwendo huo. Siku hizi mfumo wa kielektroniki wa TAUSI umerahisisha malipo, mtu anapata kontro namba kwenye simu yake. Lakini kontro namba haimkagui mtu choo.

Safari hiyo inamfaa mwenye baa. Ana jengo, ana mkataba wa pango, anaweza kusubiri. Mwandaaji wa bonanza la Jumapili hana jengo la kukaguliwa. Ana kiwanja cha shule au barabara ya mtaa, na turubai atalikodi Ijumaa. Matokeo yake kila mtu hujitafutia njia yake. Mmoja anaenda na barua kwa mtendaji wa mtaa na kurudi na muhuri, akidhani amemaliza. Mwingine ana kibali cha sherehe kutoka kwa afisa utamaduni, na kwa kuwa karatasi ile imeruhusu muziki, anaihesabu imeruhusu na bia. Wa tatu anamwalika mwenye baa ya jirani ahamishie kaunta yake uwanjani, wakati leseni ya baa ile ilitolewa kwa jengo lile. Wa nne anafuata utaratibu wote, anachelewa, anapoteza wadhamini, na safari nyingine hafuati tena.

Hata saa zenyewe zinavurugika. Muda ambao viongozi huutaja kila wanapotoa onyo kwa baa ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na mwisho wa wiki kuongezwa hadi saa 6 usiku. Bonanza linaanza saa 2 asubuhi. Je, kileo kiuzwe saa ngapi? Kama kibali hakikuandika, atakayejibu ni mgambo atakayefika kwanza, na jibu lake litategemea atakavyoamka siku hiyo.

Pombe isiyosubiri kikao

Twende jikoni tuone jambo hili linavyomgusa mtu ambaye hana mdhamini. Ujimbi, pombe ya Wagogo, hupikwa kwa mtama au uwele. Mpishi analoweka nafaka, anaitandaza na kuifunika hadi ichipue, anaianika juani, anaisaga ipatikane kimea. Anapika uji mzito kwenye pipa kubwa lililokaa juu ya mafiga, anauacha upoe, anachanganya kimea, kisha anauachia muda uchachuke. Tangu kuloweka mpaka kuchota kata ya kwanza inaweza kupita wiki na zaidi. Siku inapoiva, inaonekana: povu linapanda, harufu inabadilika, pipa linatoa sauti ya kuchemka bila moto. Kuanzia hapo ana siku moja, labda mbili. Ikipita hapo inakuwa chachu ambayo hata mteja wake wa kila siku ataisukuma pembeni.

Mtu huyu hawezi kumwambia pipa lisubiri kikao cha mwezi ujao. Kama tamasha ni Jumamosi na majibu hayajatoka Jumatano ya wiki iliyotangulia, ama aache kuloweka mtama akose biashara, ama aloweke kwa kubahatisha. Mwenye bia ya chupa hana shida hiyo, kwani kreti isiyouzwa inarudi ghala. Utaratibu ambao haujali muda wa majibu unaonekana sawa kwa wote, lakini uzito wake unamwangukia mwenye pipa.

Historia ya pombe hizi uwandani nayo imejaa makatazo. Katika Ugogo pombe ilikuwa malipo ya kazi za pamoja: anayetaka kulimiwa alipika, majirani wakaja na majembe. Ilikuwa pia sehemu ya matambiko na ya kupokea wageni. Lakini nafaka ya pombe ni nafaka ya chakula, na nchi hii ya mvua haba imezoea njaa, ile ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920 ikiwa kumbukumbu kali kuliko zote. Ndiyo maana hadi zama zetu, mwaka wa mavuno mabaya huja na amri ya wakuu wa wilaya kuzuia nafaka isipikiwe pombe. Upande wa pombe ya kukenekwa, sheria ya mwaka 1966 iliharamisha gongo na haijarudi nyuma. Mama anayepika pombe halali ya nafaka, au wanzuki wa asali, amejikuta muda wote akiishi karibu na mstari wa kosa hata siku asiyokosa.

Halmashauri hizi hizi zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sioni mantiki ya kumkopesha mwanamke mtaji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kumfungia soko kubwa la mwaka kwa sababu hakuna fomu inayolingana na pipa lake.

Mji wa zabibu usio na glasi ya mvinyo

Ukitaka kuona jambo hili kwa upande mwingine, nenda Hombolo, Mpunguzi, au Chinangali II wilayani Chamwino. Huko ni zabibu. Wamisionari walipanda mizabibu Bihawana, wakulima wakaipokea, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikaendeleza mbegu zinazohimili jua na udongo wa hapa. Dodoma ina bahati ambayo nchi nyingi za zabibu hazina: mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Asipopata mnunuzi wa zabibu mbichi, anakamua na kuhifadhi kinachoitwa mchuzi wa zabibu, akisubiri kiwanda kije kununua. Wapo wanaosindika wenyewe kwa kiwango kidogo, wakijaza chupa nyumbani au kwenye vikundi.

Msindikaji mdogo akitaka kuuza kihalali anahitaji alama ya ubora ya TBS, ambayo kwa wajasiriamali wadogo njia yake hupitia SIDO, na stempu za kielektroniki za TRA zilizoanza kutumika mwaka 2019. Serikali yenyewe imekubali kwamba mvinyo wa zabibu za nyumbani unastahili kulindwa, ndiyo maana ushuru wake wa bidhaa, kama zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini, umewekwa chini sana ukilinganisha na mvinyo wa nje. Nia ipo, basi. Kinachokosekana ni mahali pa kuuonja. Mtalii, mbunge, au kijana aliyehamia kutoka Mwanza anaweza kukaa tamasha zima katikati ya mji wa zabibu asione meza hata moja ya mvinyo wa Dodoma, kwa sababu mdhamini mkuu amenunua haki ya kuuza kinywaji peke yake uwanjani.

Sizilaumu kampuni za bia kwa kudhamini. Bila fedha zao matamasha mengi yasingesimama, jukwaa lisingefungwa, wasanii wasingelipwa. Lakini barabara ya mtaa na kiwanja cha umma si mali ya mdhamini. Anaponunua jukwaa, anunue jukwaa. Ruhusa ya nani auze kileo katika ardhi ya wananchi ibaki kwa mamlaka ya wananchi.

Jirani naye ana haki

Nimesikia hoja kwamba sherehe ni za siku moja, jirani avumilie. Hoja hiyo ina ukweli mdogo. Ujirani wa Kiafrika umejengwa juu ya kuvumiliana kwenye harusi na misiba. Lakini mvumilivu huombwa, na kuombwa maana yake ni kuambiwa mapema. Mzee mgonjwa, mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani, mama mwenye mtoto mchanga, muumini anayewahi sala ya alfajiri: hawa wanatakiwa wajue Jumatatu kitakachotokea Jumamosi, na wawe na mahali pa kusema.

Mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia makumi ya baa na kumbi za starehe nchini kwa sababu ya kelele, Dodoma ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Wenye baa walilalamika kwa uchungu. Wakazi wengi walishukuru. Somo lake ni kwamba masharti yasiposimamiwa mwanzoni, yanakuja kusimamiwa kwa kufuli.

Somo kubwa zaidi la namna hiyo ni viroba. Kwa miaka mingi pombe kali iliuzwa kwenye vipaki vidogo vya plastiki, vya bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani, alitangaza kwamba mwisho wa viroba ni Machi 1. Katazo lilikuwa sahihi, naliunga mkono hadi leo. Lakini lilifika baada ya kila ngazi ya chini kushindwa kumzuia muuzaji asimuuzie mtoto. Ngazi ya chini ikilala, ya juu huamka na rungu, na rungu halichagui.

Kuhusu watoto sheria haina utata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto kuingia baa wala kuuziwa kileo. Kwenye jengo, mlango unasaidia. Kwenye tamasha la mtaani hakuna mlango: mtoto anacheza mpira kati ya meza, anatumwa kuleta bia ya baba, anaokota chupa zenye mabaki. Kama eneo la kinywaji halikuzungushiwa kamba na kuwekewa mlinzi, sheria ile inabaki kwenye kabati.

Kisha kuna maji na vyoo. Dodoma si mji wa maji mengi. Sehemu kubwa ya maji yake inatoka kwenye visima vya Mzakwe, na mitaa mingi hupata kwa mgawo. Turubai linalohudumia watu 300 kwa ndoo mbili za kuoshea bilauri linahatarisha afya za watu, na lile lisilo na choo huugeuza ukuta wa jirani kuwa choo. Mambo haya hayahitaji utafiti. Yanahitaji mtu wa afya kufika Ijumaa, akatazama, akasaini au akakataa kusaini.

Wenzetu wanafanyaje

Nchi nyingine zimeliona pengo hili na kulitungia kanuni zake. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya leseni ya mwaka 2003, anayetaka kuuza kileo kwenye sherehe ya muda mfupi yenye watu wasiozidi 499 anapeleka taarifa kwa halmashauri angalau siku 10 za kazi kabla. Ada ni pauni 21. Nakala inakwenda kwa polisi na kwa maofisa wa afya ya mazingira. Wasipopinga ndani ya muda uliowekwa, sherehe inaendelea. Ruhusa haizidi saa 168, yaani wiki moja. Hakuna kikao kinachosubiriwa isipokuwa pana pingamizi.

Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekabidhi leseni za vileo kwa kaunti, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka huo huo, ambayo Wakenya wameizoea kwa jina la mbunge aliyeibeba, John Mututho, inampa mkazi nafasi ya kupinga maombi kabla hayajakubaliwa. Zanzibar nako tumeona utaratibu wa leseni ukiyumba unavyoweza kutikisa uchumi mzima: Januari 2024 Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, alijiuzulu katikati ya mgogoro wa uingizaji wa vileo uliokuwa umezua uhaba kwenye hoteli.

Wala sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Tabora na Ujiji haikukatiza Ugogo bila kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi. Wafanyabiashara waliilaani hongo hiyo, lakini ilikuwa na maana yake: nchi hii ina wenyewe, na maji haya yana wenyewe. Anayetaka kupita aongee kwanza na wenye nchi. Kibali cha tamasha kinapaswa kubeba maana hiyo hiyo, ila kwa bei iliyobandikwa ukutani na risiti mkononi.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Hazihitaji kusubiri Bunge libadilishe sheria ya 1968 ili kuweka utaratibu wa ndani unaoeleweka. Napendekeza mambo sita, na yote yanaingia kwenye ukurasa mmoja.

Kwanza, muda ujulikane. Maombi yafike siku 14 kabla ya tamasha, majibu yatoke ndani ya siku 5. Mamlaka ya vileo iteue kamati ndogo ya kushughulikia maombi ya muda bila kungoja kikao kikubwa.

Pili, ombi libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na lisomwe na mwenyekiti. Jina la mwandaaji, tarehe, saa na eneo viwe wazi, na mkazi apewe siku tatu za kutoa pingamizi.

Tatu, ada ilingane na ukubwa. Anayeleta lori la kreti asilipe sawa na anayeleta pipa moja. Na sehemu ya ada ibaki mtaani, igharimie usafi wa asubuhi inayofuata.

Nne, masharti yabandikwe kwenye turubai lenyewe, kwa maandishi makubwa: saa ya kuanza na kufunga, mpaka wa eneo la kinywaji, idadi ya vyoo, maji, umbali kutoka msikitini, kanisani, shuleni na hospitali, marufuku ya watoto, na namba ya simu ya ofisi ya kata. Mwananchi akiyasoma ataweza kuyadai.

Tano, katika kila tamasha linalofanyika kwenye ardhi ya umma mkoani Dodoma, zitengwe meza kwa mvinyo wa zabibu za hapa na kwa pombe za nafaka na asali zilizokaguliwa na afisa afya. Mdhamini asiruhusiwe kuzifunga. Mgeni akija Dodoma, aonje Dodoma.

Sita, anayekiuka asipewe kibali tena kwa mwaka mzima, jina lake likiwekwa kwenye orodha iliyo wazi. Adhabu hiyo inauma kuliko faini, na haihitaji bunduki wala kufuli.

Wapo watakaosema kwamba kuweka utaratibu kwa bonanza la mtaani ni kuua furaha ya wananchi. Mimi naona kinyume chake. Furaha inauawa na mgambo anayefika saa 3 usiku kumwaga pombe ya mama kwa sababu karatasi yake haikukamilika, wakati turubai la jirani lenye nembo kubwa linaendelea kupiga muziki. Inauawa na jirani aliyechoka kunung'unika, akaamua kupiga simu kwa mkubwa wilayani. Utaratibu mwepesi, wa bei nafuu na unaotekelezwa kwa wote sawasawa ndio unaoipa sherehe maisha marefu.

Madiwani wa Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba, jambo hili liko ndani ya uwezo wenu, nanyi mnajua kalenda: mavuno yakiingia, ngoma zitaanza, na Agosti Nzuguni itafurika. Pelekeni hoja kwenye baraza kabla msimu haujafika. Nawe msomaji, turubai likifungwa mtaani kwako, nenda ofisi ya mtendaji uombe kuona kibali, usome masharti yake, na uulize nani aliyatia saini. Barabara ile ni yako, na hakuna sheria inayokuzuia kuuliza.